Mkia Hajajibu

Ukimtoa mtangazaji na fundi wake, sauti zilizokuwa kwenye sahani ile ya santuri zilikuwa sita, na ndani ya ndege walikuwa wamepanda wanaume saba.

Aliyegundua ni Thirza. Mumewe, Cyril Dowse, alikuwa bado mezani akipambana na nyama ya Jumapili, kipande ambacho serikali ilikuwa imekipima kwa uangalifu mkubwa kabla ya kumruhusu raia akitafune. Vita vilikuwa vimekwisha tangu mwaka juzi, ila mgao ulikuwa haujapata taarifa. Ilikuwa Juni, mchana mweupe, madirisha wazi, na shayiri ya kijiji cha Thornsby ilikuwa imeota mpaka ukingoni mwa lami ya kiwanja cha ndege kilichofungwa, ng'ambo ya barabara.

"Cyril," Thirza aliita kutoka sebuleni. "Wewe uko wapi humu?"

"Niko hapa nakula kiatu."

"Humu kwenye sahani, bwana. Mbona sikusikii?"

Sahani hiyo ya santuri ilikuwa imefika jana yake kwa posta, kutoka ofisi moja ya London ambayo ilikuwa imegundua, kwa ile haraka tunayoijua ya ofisi, kwamba mjane wa rubani Denzil Fane alistahili kupewa nakala. Barua iliyoambatana nayo ilimpa pole Bi Fane, ikamkataza kuipiga mbele ya hadhira bila kibali, na nambari yake ya kumbukumbu ilikuwa ndefu kuliko pole yenyewe. Kwamba Bi Fane alikuwa sasa Bi Dowse, hakuna faili lililokuwa limejulishwa.

Mambo yalikuwa hivi. Katika majira ya baridi, vita vikiwa vimepamba moto, mtangazaji na fundi wake walipakia mtambo wa kuchora sauti ndani ya ndege ya mabomu ya Denzil, wakaenda nao Ujerumani na kurudi, sahani ikizunguka huku mizinga ikiwafyatulia kutoka chini. Nchi nzima ilisikiliza. Mwezi uliofuata ndege ile ilikwenda bila mtangazaji, na haikurudi. Cyril, ambaye kazi yake ilikuwa kukaa na bunduki ndani ya kibanda cha kioo mkiani, hakuwamo: daktari wa kituo alimzuia kwa sababu ya jipu sikioni, na nahodha akapewa mtu mwingine. Wakafa wote. Cyril akabaki na sikio, na baada ya muda unaokubalika na majirani, akabaki na mjane.

Alikuja sebuleni na uma mkononi. Thirza akairudisha sindano nyuma. Injini zikanguruma ndani ya pembe ya gramafoni, kisha ikatoka sauti ya Denzil, ile sauti iliyokuwa imejilaza kama paka kwenye mto, ambayo wasichana wa nusu ya nchi waliwahi kuiandikia barua.

"Ramani?"

"Niko, nahodha."

"Juu?"

"Niko, nahodha."

"Mkia?"

Injini. Injini tupu. Mtu mmoja akakohoa.

"Mkia?"

Kisha mtangazaji akaendelea kusimulia jinsi anga lilivyowaka.

Ndani ya ndege zile watu hawakuitana majina. Katika simu ya masikioni kulikuwa na nahodha, na kulikuwa na kazi: Ramani, Redio, Mitambo, Bomu, Juu, Mkia. Kila baada ya kitambo nahodha aliwapitia mmoja mmoja na kila mmoja alijibu, maana huko juu hewa ni ya kunyonya kwenye mpira, na mpira ukiziba mtu hasikii maumivu. Husinzia, akafa kwa raha zake. Asiyejibu alitumiwa mwenzake, akija anatambaa ndani ya tumbo la ndege na chupa ya hewa mkononi. Na aliyekaa mbali kuliko wote, peke yake, kwenye baridi ya kukata vidole, akaitwa mara nyingi kuliko wote, ni Mkia.

"Nilijibu mimi," Cyril alisema. "Nilisema, 'Niko, nahodha, baridi tu.' Mama alinisikia kule Louth akalia mpaka akaunguza keki."

"Basi wamekukata."

"Wanikate mimi wamwache Redio, ambaye katika vita vizima kazi yake ilikuwa kukohoa?"

"Labda nafasi ilikuwa finyu."

"Labda," Cyril alisema, akacheka. Lakini aliona kwamba Thirza hakuwa ameuinua uso kutoka kwenye ile pembe.

Tuseme ukweli juu ya Cyril: alikuwa mtu mwema, na alikuwa na wivu. Kumwonea wivu mtu aliye hai ni kazi yenye mapumziko. Hasimu huota kitambi, hukoroma, husahau alichotumwa dukani. Marehemu haongezi kasoro. Denzil Fane aliishi na mkewe likizo mbili tatu tu, akafa kijana, na meno yote kinywani. Thirza hakuwahi kuwalinganisha, hata kwa kuteleza ulimi, na hilo ndilo lililomla Cyril. Mwanamke anayelinganisha, unaweza kubishana naye.

Katikati ya wiki alirudi mapema kutoka karakana ya matrekta anakofanya kazi, kule Horncastle. Alipokuwa akiegemeza baiskeli ukutani akamsikia mkewe anacheka. Hakikuwa kile kicheko cha mtu aliyekumbuka jambo peke yake. Kilikuwa kicheko cha kumjibu mtu.

Aliingia. Thirza alikuwa amekaa karibu na gramafoni, amevaa blauzi ya buluu, na sahani ilikuwa inazunguka.

"Nani alikuwa hapa?"

"Nani awe hapa?"

"Umecheka."

"Kucheka nako siku hizi kuna mgao?"

"Na blauzi ya buluu."

"Nyingine ziko kwenye kamba. Nenda kaziulize."

"Thirza, yule mtu amekufa."

"Najua amekufa. Telegramu niliipokea mimi kwa mkono huu. Ambaye hajaipokea ni wewe."

Cyril akaenda jikoni kunawa grisi, akisugua vidole kana kwamba ni vya mtu mwingine. Sahani ilikuwa bado inaimba kule sebuleni. Thirza, kwa hasira au kwa kusahau, hakuwa ameiondoa sindano. Na hapo ndipo lilipofanyika kosa, kosa ambalo mimi na wewe tusingeweza kulifanya hata tukilipwa. Mtu aliyekaa mkiani mwa ndege za mabomu msimu baada ya msimu, jibu lake halitoki kichwani. Linatoka kule kunakotoka kupepesa kwa jicho.

"Mkia?" nahodha aliita.

"Niko, nahodha," Cyril akasema, sabuni mkononi.

Injini zikaendelea kitambo kidogo.

"Ah," ilisema sauti ya Denzil, taratibu. "Tulidhani tumekupoteza. Sikio limepona?"

Sabuni ikaanguka. Sahani ile ilichorwa sikio la Cyril likiwa zima kabisa, jipu halijaota.

Thirza alikuwa tayari amesimama mlangoni, rangi imemtoka.

"Jana hakusema hivyo," alinong'ona.

"Jana alisema nini?"

"Jana aliniuliza kama bado nalala upande wa dirishani."

"Ukamjibu?"

"Sikumjibu. Nilicheka tu. Nilidhani nimesinzia, Cyril, nilidhani naota."

Watu wa huku kwetu hawana neno la jini. Wana kushusha pazia, wana kusema leo kuna upepo, na wana adabu ya kutotaja kitu chochote kile. Lakini kilichoingia nyumbani kwa akina Dowse, nyinyi mngekiita jini bila kuuliza mara mbili: kilikuwa na sauti ya mtu, na wivu wa mtu, na subira ambayo hakuna mtu aliyepata kuwa nayo.

Kwanza ilikuja harufu, ya mpira wa barakoa uliolowa pumzi, na ya petroli, na ya ule moshi wa baruti unaokaa kooni kama umelamba shaba. Kisha ikaja baridi, lakini baridi iliyochagua mtu. Thirza alikuwa akipepea uso kwa gazeti, jasho linamtiririka, na umbali wa mkono mmoja kutoka kwake, kwenye kiti cha pili cha meza hiyohiyo, mumewe alikuwa akitoa pumzi nyeupe kama birika, kope zake zimeota barafu, na maziwa kwenye kikombe chake yameganda mpaka kijiko kikasimama wima. Na wito haukuhitaji tena sahani. Ulitoka kwenye pembe tupu ya gramafoni, ulitoka kwenye redio ya mwoka mikate, katikati ya bei za nguruwe, watu wamepanga foleni na vitabu vyao vya mgao mkononi, sauti ile ya paka ikasema "Mkia?" na Cyril, mbele ya nusu ya kijiji, akajibu "Niko, nahodha," na nusu ya kijiji ikainama kutazama viatu vyake yenyewe kwa heshima.

Kila alipojibu, sauti yake ilipungua. Ilianza kukwaruza, ikawa ya mzee, ikawa mnong'ono. Na kwenye sahani, pale palipokuwa na injini tupu, Thirza sasa aliisikia ikijaa siku hadi siku, changa, nzima, yenye kicheko ndani yake: Niko, nahodha, baridi tu.

"Usijibu," alimwambia. "Funga mdomo. Ng'ata kitu."

"Hujui unachosema."

"Nitakushika mimi. Jaribu mara moja tu."

Wakajaribu, asubuhi ya kufua, jua likiwa limejaa jikoni. Cyril aling'ata taulo, Thirza akamkumbatia kichwa kwa mikono yote miwili. Wito ukaja. Ukaja tena. Kisha nahodha akasema, kwa upole wa mtu anayefuata taratibu, "Mkia hajajibu. Mmoja wenu aende akamwangalie." Na sebuleni mtu akainuka.

Nyumba ile ni ndogo. Kutoka sebuleni hadi jikoni ni umbali wa kikohozi kimoja. Lakini aliyeinuka alitembea, akainama, akatembea, viatu vya manyoya vikiburuzwa juu ya bati ambalo nyumba ile haikuwa nalo, akipita mahali pembamba, akijishika huku na huku, chupa ya chuma ikigonga, ikigonga, akija bila haraka kwa mwendo mrefu kuliko urefu wa nyumba na bustani na barabara vikiunganishwa, na kadiri alivyokaribia ndivyo Thirza alivyosikia pumzi zake kwenye mpira, zikivutwa na kuachwa, na alitambua, kwa yale maarifa ambayo hupata mtu asiyetaka kuyapata, kwamba mtu huyo akifika mlangoni na kuuona uso wa Cyril atamfunga barakoa kwa mikono yake mwenyewe na Cyril hatavuta tena hewa ya jiko hilo wala ya jiko lingine lolote. Kitasa kikaanza kuzunguka. Thirza ndiye aliyelitoa taulo.

"Niko," Cyril alikoroma. "Niko, nahodha. Niko."

Kitasa kikatulia. Miguu ikageuka, ikaanza safari yake ndefu ya kurudi.

Mchana uleule Cyril akachukua nyundo. Thirza akasimama mbele ya gramafoni.

"Ondoka, mke wangu."

"Ukiivunja unavunja nini? Sauti yako iko humo. Umebakiwa na unyuzi tu kooni, nyingine yote imo humu ndani pamoja naye."

"Unamtetea."

"Nakutetea wewe, mpumbavu mmoja wewe."

"Ulivaa blauzi ya buluu."

Thirza akamtazama mumewe, ambaye alikuwa anakufa kwa baridi katikati ya kiangazi na bado alikuwa anaikumbuka blauzi. Akamnyang'anya nyundo.

Kasisi wa Thornsby, Oswin Tupholme, alikuwa mtu mnene, mpole, ambaye wakati wa vita alikuwa akiwabariki vijana wa kiwanja kabla hawajapanda. Alipoelezwa hakushangaa, alisema tu kwamba jambo la namna hiyo linahitaji ruhusa ya askofu, na akaandika. Katibu wa askofu alijibu upesi sana. Alitaka kujua kama nyumba ni ya kupanga, kama roho husika ilikuwa imebatizwa katika kanisa letu au katika madhehebu mengine, na akakumbusha kwamba maombi ya aina hiyo huletwa kwa nakala tatu. Kasisi akaisoma barua hiyo mara mbili, akaitia kwenye moto wa jiko, akavaa kanzu yake.

Alikuja saa ya chai. Thirza akaweka sindano. Cyril alikuwa amefunikwa blanketi zote za nyumba, meno yakigongana.

"Kwa jina la Baba," Kasisi alianza.

"Nani huyo kwenye laini?" Denzil akauliza.

"Ni mimi, mwanangu. Tupholme."

"Aa, padri. Karibu. Shika kitu, mbele kuna mizinga."

Nyumba ikalala ubavu. Vikombe vikateleza vyote hadi ukingo wa meza, vikasita, vikarudi. Kasisi alikuwa ameshika rafu ya vitabu kwa mikono miwili.

"Denzil, unataka nini?"

"Mkia wangu. Walinipa mgeni, padri, kijana asiyeweza kutofautisha nyota na ndege ya adui. Mkia wangu mimi alikuwa wapi? Alikuwa kitandani, anauguza sikio. Na sasa tazama yuko kitanda gani."

Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali.

"Haya, mfukuze," Cyril alinong'ona. "Mfukuze, Baba Kasisi."

"Siwezi, Cyril. Nilipanda nanyi mara moja, si unakumbuka? Mlinikalisha chini kama gunia la viazi mkaniambia nisiguse kitu. Humo ndani hata askofu ni mzigo. Hatoki mtu ila kwa amri ya nahodha."

"Na Mungu je?"

Kasisi alifikiri. "Nadhani hata Yeye," alisema kwa masikitiko, "angemwuliza nahodha kwanza." Akamgeukia Thirza. "Hatasikia sala yangu, binti yangu. Lakini nimesikia anavyotaja kitanda. Wewe atakusikiliza."

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula ambacho hakuna aliyekila, Denzil alitangaza kwamba wanapanda juu zaidi, na kila mtu akaze barakoa yake. Cyril alianguka kutoka kwenye kiti akalala sakafuni jikoni, midomo ya buluu, macho wazi, vidole vikikwaruza vigae. Nje watoto walikuwa wakirusha mpira. Thirza aliacha milango wazi ili amwone, akapiga magoti mbele ya gramafoni, mdomo wake karibu na pembe.

"Denzil."

"Hapandi mwanamke kwenye ndege yangu."

"Basi usiniite mke."

Injini zikanguruma muda mrefu.

"Thirza," ilisema sauti.

"Mwache Cyril aruke nje kwa parachuti."

"Anakupenda?"

"Anapekua barua zangu, ananuka grisi, anauliza niko wapi nikiwa bafuni. Ndiyo, ananipenda."

"Na wewe?"

Thirza akatazama jikoni. Cyril hakuwa na nguvu ya kuinua mkono, lakini kichwa alikuwa amekigeuza. Hata pale, na pumzi ya mwisho mwisho, alikuwa anategea jibu.

"Mimi nilichoka kungoja wanaume warudi," Thirza alisema. "Yeye hurudi."

"Hilo si jibu."

"Ndilo nililo nalo."

"Mimi pia ningerudi."

"Najua, Denzil."

Denzil aliposema tena, ile sauti haikuwa imejilaza popote. "Huku hakuna anayezungumza nami," alisema. "Wananijibu tu. Niko, nahodha. Niko, nahodha. Hujui ilivyo."

Thirza alifumba macho. Jikoni vidole vilikuwa vimeacha kukwaruza.

"Mwamuru aruke," alisema. "Nitazungumza nawe mimi."

"Kila nikiita?"

"Kila ukiita."

"Na yeye atakubali? Yule? Ninamjua yule, alianza kukutazama tangu siku ya kwanza nilipokuleta kwenye dansi ya kituo."

"Atakuwa hai. Kukubali ni shauri lake."

Injini. Kisha, kwa sauti rasmi, kavu, ya mtu anayetekeleza utaratibu: "Mkia. Nahodha hapa. Ruka."

"Mkia anaruka, nahodha," Cyril alisema.

Na alianguka. Alikuwa tayari amelala chali juu ya vigae, hakuna chini nyingine ya kwenda, lakini alianguka, kutoka juu sana, kwa kishindo kilichotikisa sahani za jirani ng'ambo ya ua na kuuvunja mfupa wa bega lake. Hewa ikamwingia kwa nguvu, hewa ya kawaida, yenye shayiri na kabichi zilizochemka kupita kiasi. Alilia kwa maumivu kama mtoto mchanga, na sauti aliyolia nayo ilikuwa yake yote.

Thirza alimjia mbio, akamnyanyua kichwa, akamweka mapajani. Akafungua mdomo amwite jina. Midomo ikatembea ilivyopaswa kutembea. Hakikutoka kitu, hata pumzi yenye umbo.

Daktari wa Lincoln alisema ni mshtuko. Hospitali kubwa ilikubali kumwona, kwa sharti kwamba kwanza mgonjwa apige simu aeleze mwenyewe anavyojisikia. Kasisi Tupholme huja kunywa chai na kuwasimulia habari za askofu, na Thirza hucheka, mabega yakitikisika, kimya. Si mwanamke mwenye huzuni. Ubaoni jikoni huandika chumvi, kiberiti, mwite fundi wa bomba. Cyril alipomwandikia swali refu zaidi ya hayo, Thirza alilisoma, akamshika mumewe shavu, akalifuta swali.

Nyundo imetundikwa bandani. Hakuna siku ambayo Cyril haifikirii. Lakini sauti ya mkewe haipo mahali pengine popote duniani, na kwa hiyo siku hizi anayeweka sahani ni yeye mwenyewe, Jumapili baada ya chakula, na hakai kitini. Husimama mlangoni, kama mume aliyerudi mapema.

"Ramani?"

"Niko, nahodha."

"Juu?"

"Niko, nahodha."

"Mkia?"

"Niko, nahodha," Thirza husema, kwa sauti ya joto, na hataji baridi wala hofu, na kisha wawili hao huzungumza, kila wiki jambo jipya, juu ya dansi, juu ya mvua, juu ya mbwa waliyetaka kumnunua. Jumapili iliyopita Thirza wa kwenye sahani alisema kitu kwa sauti ya chini, karibu na nahodha, na wanaume watano wengine wakaangua kicheko. Cyril akairudisha sindano. Akairudisha tena, sikio lake kwenye pembe. Hakusikia ni nini. Alisikia kicheko tu, na mmoja wao akitaja "Mkia wa zamani".

Akageuka amwulize. Thirza alikuwa mezani jikoni anamenya viazi, ameinamia kazi yake, na alikuwa anatabasamu.